Walituuliza Tunajisikiaje, Tukawaandikia Tunachohitaji

Mwaka 2020 mwajiri wangu alitutumia barua pepe mbili ambazo hadi leo nimezihifadhi. Ya kwanza ilihusu korona: nani avae nini, nani abaki nyumbani, nani arudi kazini na kwa masharti gani. Ya pili ilikuja mwanzoni mwa Juni, siku chache baada ya polisi kumuua George Floyd, mwanamume mweusi, hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ikisema kwamba kampuni inasimama na jamii ya watu weusi na imejitolea kupigania haki na usawa. Huko makao makuu hizo zilikuwa kazi za ofisi mbili tofauti, na kila moja ikafuatiwa na dodoso lake. Kwetu sisi tuliokuwa tukiwageuza wazee vitandani usiku, lilikuwa jambo moja. Bado nawaona wenzangu wengi, hapa Marekani na kwingineko, wakiletewa dodoso za namna hiyo na kuzijaza mbio mbio kwenye simu wakisubiri kupiga kadi ya kutoka. Nataka kueleza sisi tulifanya nini na zetu.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Minnesota ina Wakenya wengi, na kazi ambayo wengi wetu huanzia ni ya CNA, mhudumu msaidizi wa wauguzi: kuosha, kuvalisha, kulisha, kugeuza, kubadilisha shuka, kumshika mkono mtu anayekata roho. Nilikuwa zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi, kwenye makao ya wazee katika kitongoji kimoja kaskazini mwa jiji. Ghorofani kwetu tulikuwa Wakenya, Waliberia, Wasomali, Mwethiopia mmoja, na dada mmoja wa Bukavu, Kongo, ambaye Kiswahili chake kilinifariji hata usiku ulipokuwa mbaya. Ofisi za chini, zile zinazofungwa jioni, karibu wote walikuwa wazungu. Utaratibu wa korona ulitungwa huko chini ukatekelezwa huku juu, na kati ya chini na juu hapakuwa na njia ya maneno kupita isipokuwa dodoso.

Tarehe 13 Machi serikali ya shirikisho iliagiza makao ya wazee yasitishe wageni. Watoto wakaanza kuwasalimia mama zao kupitia vioo vya madirisha. Barakoa za N95, zile zinazochuja hewa vizuri zaidi, zikaadimika. Kila mmoja wetu alipewa yake pamoja na mfuko wa karatasi wa kahawia, aandike jina lake kwa kalamu ya wino mzito, aihifadhi humo baada ya zamu na kuivaa tena kesho yake. Kamba za yangu zilipolegea nilizipiga fundo. Magauni ya kujikinga yalipoisha tulivaa makoti ya mvua ya plastiki nyembamba, na ndani yake jasho lilitiririka hadi kwenye soksi. Katika miezi hiyo ya mwanzo, sehemu kubwa ya waliokufa kwa korona Minnesota walikuwa wazee wa makao kama yetu. Niliwajua. Nilijua nani anataka chai ya moto sana na nani hapati usingizi bila redio.

Uhaba wa vifaa tuliuelewa, kwa sababu dunia nzima ilikuwa na uhaba. Tulichoshindwa kukielewa ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya dharura iliyotiwa saini tarehe 18 Machi 2020 iliwapa wafanyakazi hadi saa 80 za likizo yenye malipo kwa ajili ya korona. Lakini iliziacha nje kampuni zenye wafanyakazi 500 na zaidi, na iliwaruhusu waajiri wa watoa huduma za afya kuwaengua wafanyakazi wao. Yaani karani aliyefungiwa nyumbani na kompyuta yake angeweza kulipwa akiugua, na mimi niliyekuwa nikimlisha mgonjwa wa korona kwa kijiko ningeweza kunyimwa kisheria. Mwajiri wetu aliutumia mwanya huo. Waliopatikana na virusi walikaa nyumbani bila mshahara. Matokeo yake kila mtu aliyejua maisha ya watu wa mshahara wa saa angeyatabiri: wapo waliokohoa kimya kimya na kuja kazini. Siwalaumu hata kidogo. Kodi ya nyumba haikuwa na karantini.

Kisha, mwezi Aprili, likaja agizo la kazi mbili. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mambo yote yalipokutana.

CNA wengi hatuishi kwa mshahara wa nyumba moja. Unapewa saa chache hapa, unajazia kule. Unatoka makao haya asubuhi, unalala kidogo, unaingia mengine alasiri. Agizo lilisema kila mtu aandike kama ana kazi katika makao mengine, na achague moja. Kwa upande wa ugonjwa lilikuwa agizo sahihi na hadi leo naliunga mkono, kwa sababu virusi vilisafiri na sisi, ndani ya mapafu yetu, kutoka jengo hadi jengo. Lakini walitutaka tuache nusu ya kipato chetu bila kutuongezea saa wala senti. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, serikali ilipotoa amri kama hiyo mwaka huo huo, ilitoa na fedha za kupandisha mishahara ya waliokuwa wakilipwa chini, ili mtu anayebaki kwenye nyumba moja asife njaa. Kwetu agizo lilikuja peke yake. Na walioguswa nalo ni akina nani? Mkurugenzi hana kazi ya pili. Mhasibu hana. Waliokuwa nayo ni sisi, wahamiaji weusi, karibu kila mmoja. Agizo halikutaja rangi ya mtu popote, na bado ungeweza kujua rangi ya mtu kwa kuangalia kama limemuumiza.

George Floyd aliuawa tarehe 25 Mei, kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago Avenue. Wengine wetu waliishi si mbali na hapo. Tarehe 28 kituo cha tatu cha polisi kiliteketezwa, maduka ya wahamiaji wenzetu kwenye Lake Street yakaungua, mabasi yakasitishwa, na kuanzia tarehe 29 gavana akatangaza amri ya kutotoka nje, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa fikiria zamu inayoanza saa tano usiku. Wahudumu wa afya waliruhusiwa kupita, lakini mwanamke mweusi peke yake ndani ya gari usiku ule, akisimamishwa na polisi au askari wa Walinzi wa Taifa, angeonyesha nini? Kitambulisho chenye jina la makao ya wazee na picha iliyofifia. Asiye na gari hakuwa na njia kabisa. Wenzetu walioshindwa kufika waliandikiwa pointi za utoro, kwa sababu mfumo wa mahudhurio haukuwa na kisanduku cha sababu hiyo. Pointi zikifika kiwango fulani unafukuzwa. Na siku hizo hizo ndipo tamko la haki na usawa lilipoingia kwenye simu zetu.

Wengi walilisoma kwa hasira. Mimi nilikuwa na mawazo tofauti, na bado ninayo. Niliona kwamba kwa mara ya kwanza tuna maandishi yao. Kabla ya hapo, ukisema jambo fulani ni la ubaguzi, ulilazimika kwanza kubishana kama ubaguzi upo. Sasa walikuwa wameandika wenyewe kwamba upo, kwamba unawahusu, kwamba wataushughulikia. Tulilichukua tamko lile kama hati ya deni iliyotiwa sahihi: haikulipi chochote ukiiweka kabatini, lakini ukienda nayo kudai, mdeni hawezi kusema hakukopa.

Dodoso la usawa lilifuata wiki chache baadaye. Ulitakiwa kuchagua moja hadi tano. Je, unajisikia kuthaminiwa? Je, unajisikia kuwa sehemu ya timu? Je, unaamini kampuni inajali usalama wako? Mwishoni kulikuwa na kisanduku kidogo cha maoni. Walisema ni la siri, lakini juu kabisa liliuliza idara yako, zamu yako, umri wako, miaka uliyofanya kazi, jinsia na rangi. Ghorofa ya pili, zamu ya usiku, mwanamke mweusi mwenye zaidi ya miaka arobaini na aliyekaa zaidi ya miaka mitano: ukijaza visanduku hivyo umeandika jina langu. Dada wa Bukavu alikuwa wa kwanza kuliona hilo, akanionyesha kidole kwenye kioo cha simu yake, kisanduku baada ya kisanduku.

Tulikutana kwenye maegesho ya magari baada ya zamu, kila mtu kasimama kando ya gari lake na barakoa usoni. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi kwetu. Kulikuwa na kundi la WhatsApp la kubadilishana zamu, na ndilo lililotufaa. Wengi waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu.

"Dada, mie jina yangu usiweke," dada wa Bukavu aliniambia. "Makaratasi yangu ingali kwa avoka." Alimaanisha wakili.

"Sawa dada. Lakini tuambie tuandike nini, wewe ndiye umeona mengi kule mrengo wa korona."

Mrengo huo ulikuwa upande wa jengo walikowekwa wagonjwa wa korona. Akasema yote, na mimi nikaandika.

Jambo moja lilitupa nguvu. Sheria ya mahusiano ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wa sekta binafsi wanaposhirikiana kudai mazingira bora ya kazi, hata kama hawana chama. Mtu mmoja akinung'unika kwa niaba yake mwenyewe tu, ulinzi huo haumfikii kirahisi. Wawili au zaidi wakisema pamoja, unawafikia. Wasimamizi hawamo. Muuguzi aliyesimamia zamu yetu alikuwa upande wetu kwa moyo wote na alitaka kutia sahihi. Tulimwomba asitie, kwa ajili ya usalama wake. Haya natamani kila mtu anayeanza kazi nchini hapa aambiwe siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kuweka mkoba.

Rasimu yetu ya kwanza ilianza na maneno "Tunajisikia hatuthaminiwi." Mama mmoja Mliberia, mkubwa wetu kwa umri, aliisoma akaniuliza wafanye nini na sentensi hiyo. Walikuwa wameshatundika bango mlangoni lililotuita mashujaa, na walikuwa wameshatuletea piza. Tukiwaandikia kuhusu kujisikia, alisema, watatuletea piza tena na wataamini wametujibu. Tuliifuta. Tukakubaliana kwamba kila ombi liwe na tukio, tarehe, na kitu kinachoweza kuhesabiwa au kutiwa alama kwamba kimefanyika. Sentensi ile ikageuka kuwa hivi: "Tangu Aprili, wahudumu waliopatikana na korona wamekaa nyumbani bila mshahara. Tunaomba saa 80 za likizo yenye malipo kuanzia tarehe 1 Julai, na walipwe pia waliokwisha kuugua." Ni sentensi kavu. Lakini mtu wa rasilimali watu akiisoma ana majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na vyote viwili vinabaki kwenye maandishi.

Tuliandika kuhusu pointi za utoro za siku za amri ya kutotoka nje. Tuliandika kuhusu kazi mbili, tukataja walivyofanya British Columbia. Tuliandika kuhusu kamati ya usawa waliyoiunda, iliyokuwa ikikutana kwa video saa nane mchana: saa ambayo watu wa usiku wamelala na watu wa mchana wana wazee watano wa kupeleka msalani. Nani angeweza kuhudhuria isipokuwa watu wa ofisini? Tuliomba ikutane wakati wa kupokezana zamu, na dakika hizo zilipwe kama dakika nyingine za kazi.

Ombi lililotuchukua muda mrefu zaidi lilihusu jambo ambalo kila CNA mweusi analijua na wachache hulisema. Mzee anapokwambia hataki mikono yako. Wakati mwingine kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Wapo ambao akili imewapotea, na kwa hao mimi sina kinyongo. Nimeitwa majina mabaya na mtu ambaye dakika kumi baadaye aliniita mama yake na kulia begani mwangu. Lakini wapo wenye akili timamu, na wapo watoto wao wanaopiga simu ofisini kuagiza. Kwetu jibu la miaka yote lilikuwa moja: mhudumu mweusi anahamishwa, kimya kimya, ili amani iwepo. Mwaka huo kuhamishwa kulikuwa na maana mpya, maana mahali palipokuwa na nafasi ya kukuhamishia palikuwa mrengo wa korona. Yaani mtu alikataliwa kwa rangi yake kwenye chumba salama, akapelekwa kwenye chumba cha hatari, na kwenye ratiba ikaonekana ni mpangilio wa kawaida wa kazi.

Nilitafuta, nikakuta kwamba mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago iliamua kesi ya CNA mweusi wa Indiana. Makao aliyofanyia kazi yalikuwa yameandika kwenye karatasi yake ya kazi kwamba mkazi fulani hataki wahudumu weusi, wakijitetea kwamba wanaheshimu haki za mkazi. Mahakama iliukataa utetezi huo: matakwa ya mkazi hayampi mwajiri ruhusa ya kupanga kazi kwa rangi. Minnesota haiko chini ya mahakama hiyo, lakini sheria ya shirikisho inayozungumziwa ni ile ile. Tuliinukuu. Hatukuomba mzee yeyote aadhibiwe au atolewe. Tuliomba familia ziambiwe siku ya kumleta mzee wao kwamba wahudumu hawachaguliwi kwa rangi; tuliomba mhudumu aliyetukanwa aongozane na mwenzake badala ya kuondolewa; tuliomba tukio liandikwe kama yanavyoandikwa matukio mengine. Na tuliomba kwamba mtu akihamishwa kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu amechoka kutukanwa, asipelekwe mrengo wa korona kama malipo yake.

Barua ilitiwa sahihi na wale walioweza. Wengine waliweka zamu yao tu bila jina, na hilo lilikuwa sawa. Tuliituma kwa mkurugenzi, kwa rasilimali watu na kwa kamati ya usawa, zote tatu kwa wakati mmoja, ili asiwepo wa kusema ilikuwa kwa mwenzake.

Tuliitwa kwenye kikao mwezi Julai, ukumbi wa chakula, viti futi sita kutoka kimoja hadi kingine, na watu wa makao makuu kwenye skrini. Mtu mmoja wa kwenye skrini aliuliza, kwa upole, kwa nini mambo ya korona yameingizwa kwenye mazungumzo ya haki za watu weusi. Kulikuwa na kamati nyingine ya korona. Yule mama Mliberia akamwomba mkurugenzi achukue ratiba ya mrengo wa korona ya usiku uliopita na asome majina kwa sauti. Mkurugenzi alisita, kisha akaichukua ubaoni na kuyasoma. Majina ya Kisii. Ya Kiliberia. Ya Kisomali. Moja la Kikongo, ambalo alilitamka vibaya na akarekebishwa. Alipofika mwisho wa karatasi yule wa kwenye skrini alisema anaelewa, na kutoka hapo kikao kilienda kwingine kabisa. Waswahili husema alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake. Ratiba ilionyesha nani wanalala na wagonjwa, na ndiyo iliyofanya maswali yetu yasikike kama habari badala ya manung'uniko.

Pointi za utoro zilifutwa wiki hiyo hiyo. Likizo ya korona yenye malipo ilikubaliwa kwa muda wa wiki mbili kwa atakayepatikana na virusi, lakini waliokwisha kuugua hawakulipwa, na hilo bado linaniuma, kwa sababu ndio waliougua wakati hakuna aliyejua kama ataamka kesho. Kamati ilihamishwa hadi saa tisa alasiri na saa moja asubuhi kwa kupokezana, na dakika zikalipwa. Nyongeza ya dola 2 kwa saa tuliyokuwa tunapewa kwa ajili ya hatari iliondolewa mwishoni mwa kiangazi ingawa hatari haikuondoka. Utaratibu wa wazee wanaokataa wahudumu weusi ulichukua hadi mwaka uliofuata, rasimu baada ya rasimu, mawakili wao wakipunguza neno hapa na pale, lakini ulitoka, na sasa uko kwenye kitabu cha wafanyakazi. Kuhusu kazi mbili jibu lilikuwa hapana. Bajeti hairuhusu.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akiitwa kazini kwa siku, bila zamu maalumu, aliacha kuitwa baada ya barua. Tuliuliza kwa maandishi, tukajibiwa kwamba mahitaji yamepungua, na wakati tunajipanga kuuliza tena yeye alishapata kazi kwingine na hakutaka kurudi nyuma. Sitaki mtu asome haya akadhani kusema hakuna gharama. Gharama ipo, na humwangukia kwanza mwenye mkataba dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo wenye zamu za kudumu ndio wanaopaswa kutangulia na majina yao.

Chanjo ilipofika mwishoni mwa Desemba, nilishangaa kuona wanatuuliza kabla ya kutunga utaratibu. Tulisema kliniki isiwekwe saa nne asubuhi, awepo mtu wa kuwaeleza watu kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na atakayepata homa kesho yake alipwe siku hiyo. Mengi ya hayo yalifanyika.

Lakini nilijua kuna kilichobadilika kweli mwezi Aprili 2021. Tarehe 11 polisi alimuua Daunte Wright, kijana wa miaka 20, huko Brooklyn Center, jirani kabisa na tulipofanyia kazi, huku kesi ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua Floyd, ikiendelea mjini. Amri ya kutotoka nje ilirudi siku iliyofuata. Safari hii, kabla jua halijazama, ujumbe ulikuwa umeshafika kwenye simu zetu: hakuna pointi kwa atakayechelewa au kushindwa kufika, teksi italipiwa kwa asiye na usafiri, na barua ya utambulisho yenye nembo na namba ya simu ya kupigiwa usiku imeambatishwa. Niliiweka barua hiyo kwenye kiti cha abiria nikaendesha. Chauvin alipatikana na hatia tarehe 20, na siku hiyo hakuna tamko lililotumwa. Msimamizi alipita vyumbani akiuliza nani anahitaji kwenda nyumbani mapema kwa malipo. Hilo lilinifaa kuliko tamko.

Jimbo lenyewe nalo lilisikia, taratibu. Mwaka 2022 Minnesota ilitenga dola milioni 500 kwa wafanyakazi wa mstari wa mbele wa kipindi cha korona. Waliostahili wakazidi milioni moja, kila mmoja akapata dola 487 na senti 45. Nilinunulia matairi ya msimu wa theluji. Mwaka 2023 ikaundwa bodi ya viwango vya kazi kwa makao ya wazee, ambamo wafanyakazi wanakaa meza moja na waajiri na serikali. Na tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya jimbo inampa mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya, hadi saa 48 kwa mwaka. Wengi walizipigania, katika vyama, makanisa, misikiti na kwenye ngazi za bunge huko Saint Paul. Nami nilienda kutoa maoni yangu, nikiwa na karatasi yenye matukio na tarehe.

Suala la kazi mbili bado liko pale pale. Wengi wa wenzangu wangali wanatoka jengo moja saa moja asubuhi na kuingia jingine saa tisa alasiri, na ukija ugonjwa mwingine wa kuambukiza utasafiri nao kwa njia ile ile. Kwenye kila dodoso la kila mwaka tunaliandika ombi hilo kwa maneno yale yale, tukibadilisha tarehe tu, na kila mwaka tunaambatisha majibu yote ya miaka iliyopita.